Ile Meseji Niliyoifuta

Matiri, Jumamosi mchana

Mwanangu Osmund,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko nje hapo, umeweka pasi ya mkaa kwenye benchi, unanyoosha mashati ambayo yatakunjamana tena kabla basi halijafika Songea. Hali yangu mimi ndiyo sijui niiite nini. Nimekaa mezani na daftari tangu tumalize kula, nimechana karatasi mbili, na hii ya tatu nimeapa sitaichana hata ikitoka vibaya.

Mambo ya kula, kufua, kusali na kuchagua marafiki sitayaandika. Mjomba wako Longino alikuhubiria muda wote uliokaa kwake Mbaha, kule ziwani, na baba yako ameshakwambia neno lake moja, "Usome," nadhani linatosha. Mimi nina jambo jingine. Kuna kitu nimekuficha kwa wiki sita. Kinakuhusu wewe na chuo, na sitaki upande basi kesho bila kukijua. Nikikitaja sasa hivi kikiwa peke yake utasoma kwa hasira na hutafika mwisho. Kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo, kwenye ile aibu ya mbolea, maana hili la sasa lilizaliwa na lile.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili wakati tangu uzaliwe tunasemezana Kimatengo. Kimatengo changu ni cha mdomoni. Sikufundishwa kukiandika, na nikijaribu naona kama anayeandika ni mtu mwingine. Kiswahili nilipewa pamoja na kalamu, darasani, na baadaye nikakikuta ofisini na kwenye matangazo ya kanisani. Nalitaja hili kwa sababu nadhani ndipo nilipoingizwa mkenge, ingawa sina hakika. Mengi katika barua hii sina hakika nayo.

Mwaka jana ulikuwa bwenini, kwa hiyo habari ya mbolea uliisikia nusu nusu, tena kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi. Sasa isikie kwangu.

Unaijua ibada yetu ya pili ya Jumapili. Ya kwanza ni ya padri. Ya pili ni ya barazani kwetu, watu wakitoka kanisani wanapanda mpaka hapa, vitochi vyao, zile simu ndogo za vitufe, vimefungwa kwenye leso, na mimi nawasomea. Meseji za watoto walioko Dar, za chama cha kahawa, za kampuni ya simu kwamba umepewa dakika za bure. Wengine hawajui kusoma, wengine wanajua ila macho yamechoka, na wengine, kama Bibi Ekristina wa kule juu kisimani, wanasoma vizuri tu lakini wanapenda kusomewa. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokubali. Mtu akitaka kutuma hela aliinama akaninong'oneza namba yake ya siri sikioni. Wengi wao namba hizo niliwawekea mimi mwenyewe siku waliposajili laini. Nilizijua kwa kichwa kama ninavyozijua nyimbo za Kwaresma.

Hakuna aliyeona ubaya. Hapa kwetu, kumficha mtu namba yako ya siri na huku umemwomba akusaidie, ni kama kumkaribisha mgeni ndani halafu ukamwambia asimame mlangoni. Nilikuwa nimefanywa sanduku la kijiji, na nilijivuna.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, mbolea ya ruzuku haijafika, na kila mtu anauliza. Nilikuwa shambani natengeneza kingo za ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, zilizomomonyoka, simu nimeifunga kwenye khanga kiunoni, ikalia. Meseji ilisema hivi: "Ndugu mkulima, taarifa zako za mbolea ya ruzuku hazijahakikiwa. Jina lako litaondolewa kwenye orodha leo saa kumi jioni. Bonyeza hapa kuhakiki."

Osmund, kile Kiswahili kilikuwa kimenyooka. Ndugu mkulima. Taarifa zako. Nilisimama wima katikati ya shamba, jembe mkononi, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mtu angekuja pale akaniambia kwa Kimatengo, "Mama, nipe namba yako ya siri nikuandikie mbolea," ningemcheka mpaka majirani wasikie, na pengine ningemwonyesha jembe. Lakini Kiswahili cha namna ile, maisha yangu yote, nimekuwa nikikijibu "ndiyo" kabla sijamaliza kukisoma.

Nilibonyeza. Ukafunguka ukurasa mzuri, una picha ya mahindi na rangi za bendera juu. Wanataka jina, namba ya simu, na namba ya siri ya huduma ya fedha. Je, nilisita? Nimejiuliza mara nyingi. Nilisita, ndiyo, kama muda wa kumeza mate. Nikajiambia serikali ina sababu zake. Nikajaza. Ikaingia meseji nyingine yenye tarakimu sita, nikazijaza nazo. Kisha ukurasa ukaniambia hongera, na chini yake kukawa na kitufe cha kijani: Ongeza mkulima mwingine.

Kitufe kile ndicho kilichoniua. Ningeweza kuishia kwangu, nikapoteza vyangu, tukacheka baada ya mwaka. Lakini mimi nilikuwa nani? Mimi ni mama wa meseji. Nikawafikiria watu wangu wote wa baraza ambao majina yao yanafutwa saa kumi nao hawana habari, wako mashambani, vitochi vimezimwa kutunza chaji. Saa ilikuwa saba. Zimebaki saa tatu. Nikatupa jembe.

Nilizunguka nyumba kumi na moja mchana ule. Wewe unaijua milima yetu, kutoka kwa mtu mpaka kwa jirani yake unashuka mtoni na kupanda tena. Kila nyumba nilijaza jina, namba na namba ya siri niliyokuwa nayo tayari kichwani, halafu nasubiri tarakimu ziingie kwenye kitochi cha mwenyewe. Kwa Bibi Ekristina nilifika nahema.

"Shikamoo Bibi. Lete simu, kuna namba itaingia."

"Marahaba. Namba ya nini tena?"

"Ya mbolea. Wanatufuta saa kumi."

"Akina nani wanatufuta?"

"Wenyewe wa mbolea, Bibi! Hiyo imeingia, nisomee."

"Nikusomee mimi?" Akacheka, akaishika simu mbali na macho. "Haya, leo mwanafunzi anamsomea mwalimu."

Akanisomea tarakimu sita, moja moja, kwa madaha. Nikamshukuru, nikakimbia nyumba inayofuata.

Saa kumi kasoro nilikuwa nimemaliza. Nilirudi nyumbani miguu imevimba, nikachemsha chai, nikainywa taratibu kama mtu aliyeokoa watu. Yule mwizi, popote alipokuwa, hakupanda kilima hata kimoja. Nilimpandia mimi, nikamkusanyia nyumba kwa nyumba.

Sasa fika hapa usome polepole, maana hapa ndipo ninapotaka kukufikisha. Saa kumi na moja jioni nilitaka kununua bando, nikaambiwa salio langu halitoshi. Nikaangalia mara mbili. Lilikuwa limekwisha lote. Nikajua, Osmund. Mwili mzima ulijua. Na kulikuwa bado na mwanga, ningeweza kupiga simu kwa watu wa huduma kwa wateja wakafunga zile laini, ningeweza kumtuma baba yako akimbie upande mmoja na mimi upande mwingine. Sikufanya hivyo. Niliingia jikoni nikapika ugali. Nilijiambia labda ni mtandao, labda hela zitarudi, labda ni mimi peke yangu. Ukweli ni kwamba niliona aibu, nikalala nayo mpaka asubuhi. Baadaye tuliambiwa kwamba wengine hela zao zilikuwa hazijaguswa mpaka alfajiri. Kwa hiyo saa zile nilizonyamaza, hizo siwezi kumsingizia tapeli. Ni zangu.

Ijumaa saa tatu asubuhi baraza ilikuwa imejaa, na haikuwa Jumapili. Sikumbuki nani alisema nini. Namkumbuka Bibi Ekristina tu, aliyekuwa ametunza malipo yake ya kahawa kwa ajili ya mabati, alikaa kwenye kigoda akaniangalia, akaondoka. Ningependa angenitukana.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Nilikaa barazani peke yangu, nimevaa kabisa gauni la kanisani, naona haya hata kwa kuku. Jumapili ya pili yake akaja Bibi Ekristina, kitochi kwenye leso.

"Nisomee."

"Bibi, baada ya yote yale?"

"Sasa anisomee nani? Mbuzi?"

Nikamsomea. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au ni kwamba hana mtu mwingine. Niliwahi kumuuliza, akanijibu kwamba mimi nina maswali mengi. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Namba zao za siri niliwafundisha wabadilishe, nikageuza uso ukutani wakati wanabonyeza. Wawili walibadilisha, kisha wakaniita pembeni wakaninong'oneza ile mpya nisije nikaisahau. Niambie, mwanangu msomi, mtu wa namna hii unamlindaje?

Baada ya hapo nikaota miiba. Nilijitungia sheria: meseji yoyote ikija, niiseme kwanza kwa Kimatengo, kwa sauti, kama namwambia bibi yako. Ikisikika upuuzi, basi ni upuuzi. Nilizikamata nyingi kwa njia hiyo. "Umeshinda gari, lipia kwanza usafiri wake." Iseme hiyo kwa Kimatengo uone. "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo." Nazo zile za mtu aliyepata ajali na anakutaja kwa jina. Niliona nimepata dawa.

Nikaizidisha dozi. Katekista alinipigia kwa namba mpya kuhusu zamu ya kupamba altare, nikamdhania tapeli, nikamwambia huko gerezani aliko amsalimie mkuu wa gereza. Mjomba Longino naye alipiga kwa simu ya mtu.

"Dada, ni mimi."

"Mimi nani? Ng'ombe aliyemvunja baba mguu alikuwa rangi gani?"

"Dada, usipa wangu uko juani na mvua inakuja, wewe unaniuliza ng'ombe?"

"Rangi gani?"

"Hakuwa ng'ombe, alikuwa punda wa misheni!"

Hapo nikamwamini. Tulicheka sana, nawe ulicheka ulipohadithiwa. Ni hapo, wakati wote tunacheka, ndipo nilipoharibu.

Ulipoomba vyuo hukuwa na simu, ukaandika namba yangu. Kisha ukaenda Mbaha kumsaidia mjomba kazi ya usipa, wale dagaa wa ziwani, upate hela ya simu. Mwishoni mwa mwezi wa tisa nilikuwa nachambua maharage, ikaingia meseji. Naikumbuka yote, kwa bahati mbaya. "Hongera. Umechaguliwa chuo zaidi ya kimoja. Tumia namba ifuatayo kuthibitisha chuo unachotaka ndani ya siku saba." Halafu mchanganyiko wa herufi na tarakimu.

Iangalie wewe mwenyewe. Kuna hongera, kuna siku zinazohesabiwa, kuna namba ya siri, kuna Kiswahili kilichonyooka. Nikaisema kwa Kimatengo kwa sauti, ikasikika upuuzi mtupu. Mtoto achaguliwe vyuo viwili mara moja, kwa nini? Nikaifuta. Namba iliyoituma nikaifungia. Nilijiona mjanja, nikaendelea na maharage.

Siku mbili baadaye akapiga mwanamke, sauti ya upole, lafudhi ya mjini.

"Habari yako mama. Naongea na mzazi wa Osmund?"

"Unamtakia nini?"

"Alichaguliwa chuoni kwetu, udaktari wa mifugo, tunaona hajathibitisha. Sijui amepata ile namba?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi iliyo mezani pamoja na rozari. Alisema "Samahani mama" akakata.

Jioni ile ukapiga kwa simu ya mjomba. "Mama, hakuna meseji ya chuo?"

"Hakuna, mwanangu. Zinakuja za matapeli tu."

Ukasema, "Vizuri mama, hizo zifute." Nakuapia kwamba wakati nakujibu sikuwa nakudanganya. Niliamini hivyo kabisa. Neno lako lile, "zifute," nilikuja kulishika baadaye kama kinga, nikisema hata yeye aliniruhusu. Nimeliacha. Wewe ulijibu kile nilichokuambia mimi.

Wiki ya pili, Jumapili, mama yake Imelda, yule binti aliyeomba vyuo kama wewe, akaleta simu barazani. Alitaka tu nimsomee tena meseji ambayo mwalimu alishamsaidia binti yake kuijibu, aisikie mbele za watu. Nikaanza kuisoma kwa sauti. "Hongera. Umechaguliwa chuo zaidi ya kimoja." Maneno ni yale yale, nukta kwa nukta. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilimaliza kusoma sijui kwa mdomo wa nani.

Jumatatu nilikuwa Mbinga mjini kwa yule kijana wa steshenari aliyekujazia maombi. Ulikuwa umeshanitajia paswedi yako kwenye simu ya mjomba, nilikudanganya nataka kuangalia raundi ya pili inaanza lini. Hapo ndipo uongo wenyewe ulipoanza, ule wa makusudi. Akafungua. Jina lako lilikuwa pale, na udaktari wa mifugo, kozi ile ile uliyoitaka tangu darasa la sita ulipomzalisha mbuzi wa jirani, na pembeni yake: hakuthibitisha. Muda ulikuwa umepita kwa siku tatu. Tukajaribu raundi ya pili, udaktari wa mifugo nafasi zimejaa, ualimu wa sayansi wa Iringa ukawa na nafasi. Tukajaza ualimu. Nikakupigia nikasema raundi ya kwanza haikujibu.

Ulirudi kutoka Mbaha, ngozi imeungua na jua la ziwani, umenunua simu yako mwenyewe, umeniletea ndoo ya usipa. Ulikaa jikoni, ukasema, "Basi, mama. Sikufaa." Ukaongeza kwamba ualimu nao ni kazi.

Ningekuambia pale. Mdomo niliufungua. Nikakuuliza kama unataka chai.

Ulifaa, Osmund. Walikuchagua, tena si chuo kimoja. Aliyekufuta ni mimi, kwa kidole hiki ninachokandamizia karatasi. Nimekuwa nikikutazama tangu urudi unajishusha, unawaambia watu kwamba masomo yako hayakutosha, na mimi ninayejua ukweli nakupakulia mboga.

Baba yako anajua tangu wiki iliyopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie wewe," akaenda kwenye kahawa yake.

Ungetegemea sasa nikupe funzo. Nimelitafuta, na kila nikilishika linaniponyoka. Mwaka jana niliamini nikaangusha nyumba kumi na moja. Mwaka huu sikuamini nikamwangusha mwanangu. Kama kosa ni kuamini, mbona la pili? Kama ni kutoamini, mbona la kwanza? Nimezunguka na swali hili shambani mpaka nimepalilia mstari mmoja mara mbili. Nilimuuliza hata mwalimu wake Imelda, akanieleza habari za linki na anwani za mitandao, nikaelewa nusu.

Kitu pekee ninachokiona, nacho nakiona kwa ukungu, ni kwamba mara zote mbili niliamua peke yangu, nimesimama pale pale, simu mkononi. Bwana shamba anakaa mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Shule ya sekondari ni karibu zaidi. Sikumuuliza mtu. Ile ya mbolea sikwenda ofisini kuuliza kwa sababu nilitaka kuwa mwokozi, ile ya chuo sikwenda kuuliza kwa sababu nilitaka kuwa mjanja. Na baada ya kukosea, mara zote mbili nilinyamaza. Kwa hiyo huko uendako, ikija meseji inayokutetemesha, kwa furaha au kwa hofu, usiijibu humo humo ilimo na usiifute. Iache. Nenda kwa miguu ukawaulize wenyewe wanaotajwa, au piga namba uliyokuwa nayo kabla, au fungua ukurasa wao kwa kuandika anwani mwenyewe. Na kama umeshabonyeza, hata kama umeshabonyeza kila kitu, sema dakika hiyo hiyo. Sema kabla hujapika ugali. Nipigie mimi hata kama unajua nitapiga kelele. Nitapiga, halafu nitanyamaza, halafu tutatafuta la kufanya.

Na paswedi yako ibadilishe leo. Usininong'oneze mpya. Nitataka kuijua, nakuambia kabisa, nitatafuta sababu nzuri ya kukuomba. Ninyime.

Kijana wa steshenari anasema mwakani unaweza kuomba tena, na alama zako zinatosha. Mwingine ananiambia ukishaanza chuo kingine inakuwa vigumu. Sijui nani anasema kweli. Hilo nalo ukaulize chuoni kwenyewe, kabla hujaamua chochote. Hii ndiyo sababu nilishindwa kukuambia: niliogopa kwamba ukijua utakataa kupanda basi, ukae hapa mwaka mzima ukinitazama. Nikaogopa pia kwamba utapanda na usirudi. Nimechanganyikiwa kati ya hofu hizo mbili mpaka nikaona zote ni za kwangu, na anayesafiri ni wewe.

Wala usiniamini kwa sababu nimeandika kurasa hizi zote. Simu unayo. Fungua akaunti yako mwenyewe, mimi nisiguse. Utaukuta ule udaktari wa mifugo pale.

Mpango wangu ulikuwa niiweke barua hii chini ya begi, uisome ukiwa Iringa, mbali, ambako huwezi kunifikia. Nilishaikunja hata, nikainuka. Kisha nikakumbuka kwamba yule aliyeniibia alikuwa na faida moja tu kubwa: hakulazimika kukaa mbele ya Bibi Ekristina akamwona usoni. Nami nilikuwa najitafutia faida hiyo hiyo kwa mtoto wangu.

Nasikia umeshaweka pasi chini. Nakuita sasa hivi. Utakaa kiti kile cha dirishani, mimi nitakaa hapa, na sitakuuliza kama unataka chai. Soma mpaka mwisho, halafu inua macho.

Mama yako